Lisbon kwa Miguu, Nikienda Kaburini kwa Salumu

Sikwenda Lisbon kutalii. Kazi yangu ni kutembeza watalii, na mtu anayeshinda juani kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani mwaka mzima, akirudia habari zile zile za msikiti na ikulu ya masultani, hana hamu ya kupanda ndege akatembezwe yeye. Nilikwenda kwa sababu tuliitwa watembezaji watatu wa pwani kwenye mafunzo ya wiki moja ya utunzaji wa majengo ya kale. Nauli ilikuwa juu ya waliotuita. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu wa viza. Mama yangu alikuwa na sababu yake.

Kaka yangu Salumu alifia Lisbon. Aliondoka Kilwa Masoko bado kijana, akapitia Msumbiji, akafika Ureno na kufanya vibarua vya ujenzi mpaka kifua kilipomwangusha. Mwili haukurudi, hatukuwa na uwezo huo. Aliyemzika ni rafiki yake Bakari, mzaliwa wa Rutamba huko Lindi, waliyekuwa wakikaa naye chumba kimoja. Tangu hapo kila Idi Bakari alimtumia mama picha ya kaburi kwa simu: tuta la udongo, kibao chenye namba, nyasi zimekatwa vizuri. Mama akawa anamwonyesha kila anayeingia kwetu, vile wenzake wanavyoonyesha picha za wajukuu.

Jioni ya kuamkia safari aliniita jikoni akaniambia anachotaka. "Kamsomee Yasini kichwani pake. Kisha unichukulie udongo, wa kujaa kiganja tu. Nitakwenda kuutia makaburini Tingi, ubavuni kwa baba yenu."

Nikamkumbusha kuwa shehe alishamwambia jambo hilo halimo katika dini.

"Shehe watoto wake wote wako hapa hapa," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nikampigia Bakari kumwambia kwamba nakuja na nataka kufika kaburini. "Njoo tu, dada Zuhura," akasema. "Ukifika utapaona." Nikafurahi. Mimi, mtoto wa pwani, niliyekulia mahali ambapo ukiambiwa "njoo tu, mgonjwa kazidi kidogo" ujue maiti imeshaoshwa, nilisikia maneno yale nikafurahi.

Wiki ya mafunzo ilipita ndani ya ukumbi wenye taa nyeupe, huku nje mvua ikinyesha. Si mvua ya kwetu inayokuja kwa kishindo ikamaliza shida zake ikaondoka. Ile ya kule ni nyembamba, inanyesha kama inayodaiwa, na mawingu yamekaa juu ya paa za nyumba kutwa. Siku ya mwisho tuliachiwa huru. Wenzangu wawili wakaenda madukani kutafuta zawadi. Mimi nikakaa mapokezi kumngoja Bakari.

Asubuhi, mlangoni mwa hoteli. Nilimtambua kabla hajafunga mlango. Alikuwa mrefu, ndevu zimeanza kuota mvi, koti limemshinda ukubwa, na mkononi ana miavuli miwili. Akaniamkia vizuri, akauliza hali ya mama. Akauliza hali ya nyumbani. Kisha akauliza tena hali ya mama, kama vile jibu la kwanza limempotea.

"Tuanze makaburini?" nikamwuliza.

"Bado mapema, dada. Na mji huu ni wa kutembea kwa miguu. Leo uko hapa, kesho hupo. Acha nikuonyeshe kidogo, huko tutafika."

Akanipeleka kwanza kwenye duka la vijikeki vya mayai na maziwa vinavyonyunyiziwa mdalasini, vya moto, vinavyounguza ulimi. Nilikula viwili. Akaagiza vingine viwili. Nilipokataa akanisukumia sahani. "Kula, dada. Baridi ya huku inataka tumbo lililojaa." Yeye hakugusa hata kimoja. Nikadhani ni ukarimu wa kwetu, na ulikuwa huo kweli.

Ukingoni mwa mto. Sehemu ile ya mji inaitwa Belem, ndipo meli za Wareno zilipokuwa ziking'oa nanga kuja upande wetu. Mto ni mpana mno, ng'ambo yake ilikuwa imefunikwa na ukungu. Kuna mnara mfupi wa mawe umesimama majini, nao kwa umbo si mgeni sana kwa mtu aliyezoea Gereza la Kisiwani, ile ngome ya kale, ila huu una foleni ya watu wanaopiga picha, na letu lina mbuzi. Nilimweleza Bakari hivyo akacheka, kicheko cha mtu aliyefurahi kupata cha kucheka.

Kanisani. Ng'ambo ya barabara lipo kanisa kubwa la mawe meupe, kuta zake zimechongwa kamba na mafundo ya mabaharia kutoka chini mpaka juu. Ndani ni kiza na ubaridi unaopenya soksi. Karibu na mlango yupo baharia wao yule aliyezunguka Afrika akafika pwani yetu na mizinga yake. Amechongwa kwa jiwe, amelala chali juu ya kaburi lake, viganja vimeunganishwa kifuani. Huwa namtaja kwa watalii karibu kila siku, na simtaji kwa wema. Nilidhani nitamkasirikia. Sikumkasirikia. Nilimwangalia tu nikafikiri, mzee, umelala pazuri.

"Huyu alifia Bara Hindi," Bakari akanieleza kwa sauti ya chini. "Walimzika huko huko. Miaka ikapita, wakaenda kuchukua mifupa yake wakairudisha..." Akasita. Akakohoa. "Twende, dada, kuna mengi ya kuona."

Nilimfuata. Nilijua amemkumbuka Salumu, nikamhurumia.

Kutoka hapo tulitembea kando ya mto kwa muda mrefu, reli upande mmoja na maghala upande mwingine. Vijia vyao vimesakafiwa kwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, na vikilowa huteleza kama sakafu ya bafu. Bakari alinishika kiwiko kila palipokuwa na mteremko. Njiani alinisimulia habari za Salumu: kwamba alikuwa akipika samaki wa kupaka Jumapili mpaka majirani wanagonga mlango, kwamba aliwafundisha Wareno wa kwenye ujenzi kusema "pole pole" nao wakawa wanamwita hivyo. Nilicheka, kisha machozi yakanitoka, kisha nikacheka tena. Nikamwuliza tena kuhusu makaburi. Akasema yako juu, kilimani, na sisi bado tuko chini.

Adhuhuri, makumbusho. Hapa nilipataka mwenyewe. Kwa miaka yangu yote ya kazi nimekuwa nikiwaambia wageni pale Kisiwani kwamba Wareno walimtoza sultani wetu dhahabu, na dhahabu ile mfalme wao akaifulia chombo cha kanisa, nacho kiko Lisbon hadi leo. Nawaambia hivyo nikionyesha kwa kidole upande wa bahari, na wao hutikisa vichwa. Sasa nilikuwa nimesimama mbele yake. Kipo ndani ya kabati la kioo, katika chumba chenye giza, kimemulikwa taa kutoka juu. Urefu wake haunifiki kiunoni. Kina nguzo nyembamba kama njiti, na chini vijitu vidogo vya rangi vimepiga magoti kuzunguka duara. Ni kizuri. Nilitamani kiwe kibaya, lakini ni kizuri sana, na ndicho kilichoniuma. Kwenye maelezo ya ukutani limeandikwa jina letu, Kilwa, kwa matamshi yao. Pembeni amekaa askari kwenye kiti, kazi yake kutwa ni kukiangalia.

Bakari hakuwa anakiangalia. Alikuwa ananiangalia mimi.

Baada ya hapo akasema tukapate chakula. Nikamwambia sina njaa, vile vijikeki bado viko kifuani. Akasisitiza. Tukaingia kwenye mkahawa mdogo kwenye kona, akaagiza wali na samaki, akaagiza supu, akaagiza mkate, akaagiza na embe ambalo lilikuja limekatwa vipande vitano, baridi, halina ladha. Aliyavuta yote upande wangu. Kisha akaanza kunipangia mchana: kuna kanisa jingine lenye kuba jeupe, bustani yenye mti mkubwa, na mahali pa juu pa kuutazama mto.

"Mto tumeutazama asubuhi nzima," nikasema.

"Kutoka juu unaonekana vingine."

Hapo ndipo mkono wangu uliposimama na kijiko. Mimi nina mbinu zangu kazini. Boti ya kuturudisha Masoko ikichelewa, siwaambii wageni kuwa imechelewa. Nawarudisha msikitini kwa mlango wa pili, nawaonyesha nguzo zile zile kwa maneno mapya, nawapeleka kisimani, nawakalisha kivulini wale tende. Hakuna mgeni aliyewahi kunigundua. Na sasa nilikuwa mbele ya mtu anayenifanyia kazi yangu mwenyewe, tena kwa ustadi. Nikaitazama meza. Supu, mkate, samaki, wali, embe. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa na njaa. Huachwa ale, tena husimamiwa ale, kwa sababu akishaambiwa hatakula tena leo wala kesho.

Nikakiweka kijiko chini.

"Kaka Bakari," nikasema. "Nimeshakula. Niambie."

Akaweka mikono yote miwili juu ya meza, kichwa akakiinamisha.

"Kaburi halipo, dada."

Alinieleza kwa Kiswahili cha nyumbani, na mara mbili aliteleza akasema Kimwera bila kujua. Kule, mtu asiye na chake hupewa kaburi la muda. Ikipita miaka kadhaa tangazo hubandikwa getini kwamba jamaa waje waihamishe mifupa. Wasipotokea, hufukuliwa, mifupa ikakusanywa pamoja na ya wengine wasio na watu, na mahali pale akalazwa mtu mwingine. Tangazo lilipobandikwa Bakari alikuwa kusini, mbali na mji, kwenye mashamba ya kuvuna matunda. Aliporudi akaenda na jembe lake dogo la kusafishia, akakuta jiwe jipya lenye jina la Mreno.

"Na picha?" nikamwuliza. "Za Idi?"

"Ni ile ile ya zamani. Nilikuwa naituma ile ile." Akajifuta uso kwa kitambaa cha mezani. "Mama alikuwa akinipigia, ananiombea dua ndefu. Ningemwambiaje, dada? Kwa simu? Nilisema nitakwenda nyumbani, nimkalishe chini. Sijapata njia ya kwenda. Ukasema unakuja wewe."

Nilimfokea. Watu wa mkahawani waligeuka, hawakuelewa neno hata moja. Nilimwambia dhahabu yetu imewekewa kioo na taa na askari wa kuikalia kutwa, halafu mtu wetu wamemtoa ardhini kama mzizi wa mhogo. Nilijua hayo hayakuwa makosa ya Bakari. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mbele yangu.

Alasiri, kilimani. Nilisema nataka kufika hata hivyo. Tulipanda, mvua ikinyesha, miavuli ikigongana kwenye vijia vyembamba. Makaburi yenyewe ni mji ndani ya mji. Kuna mitaa, na kila mtaa una vijumba vya mawe vyenye milango ya vioo na mapazia ya kufumwa, na ukichungulia unaona majeneza yamepangwa kwenye rafu, ukoo mzima pamoja. Hao hawahamishwi. Tulipita mitaa yao yote tukafika nyuma kabisa, ukutani, penye matuta ya muda.

Alipokuwa Salumu palikuwa na mwanamke mzee wa Kireno, amevaa koti jeusi, anafuta jiwe kwa kitambaa. Bakari akazungumza naye. Niliona uso wa yule mama ukibadilika. Akainuka kwa shida, akanishika mkono kwa mkono wake uliolowa, akasema maneno mengi.

"Anasema ni mume wake," Bakari akatafsiri. "Anasema samahani, hakujua kama palikuwa na mtu. Anasema na yeye muda wa kaburi umekaribia kwisha, na watoto wake wako mbali."

Kisha akasogea, akanipisha upande wa kichwani.

Nikajifunika vizuri, nikasoma Yasini kwa sauti. Yule mama alisimama na kitambaa chake mpaka mwisho, na nilipoinua mikono kuomba dua, naye akainamisha kichwa. Nilimwuliza Bakari walivyomzika. Akasema walimwosha wenyewe, yeye na wenzake watatu wa Msumbiji, wakamkafini, wakamswalia, wakamlaza kuelekea kibla. Alikuwa ameuliza kibla kiko wapi kwa watu wawili tofauti ili asikosee. Hilo nililishika, maana nilijua litaulizwa.

Tulipogeuka kuondoka, Bakari aliinama kwenye ukingo wa lile tuta akachota udongo, akanyoosha mkono. "Chukua, dada. Mama hatajua. Mwache afurahi."

Niliutazama. Ulikuwa mweusi, umelowa, una mizizi midogo ya nyasi. Kazini natia chumvi mara kwa mara. Nina hadithi ya binti wa sultani na kisima ambayo nimeitunga mimi mwenyewe, na wageni wanaipenda kuliko zote. Nilifikiri jinsi ilivyo rahisi. Kisha nikamwona mama akiushika udongo wa mume wa mtu, akiulaza Tingi ubavuni kwa baba, akienda kuuombea kila Ijumaa mpaka kufa kwake.

"Hapana," nikasema.

Akaurudisha taratibu, akapapasa palipotoka. Yule mama wa Kireno alikuwa anatuangalia.

Jioni Bakari alinisindikiza hotelini. Hatukuagana vizuri. Alisema "nisamehe, dada," nami nikasema "haya," kwa sauti ya mtu ambaye hajasamehe. Nilimkasirikia ndani ya ndege usiku kucha. Nilimkasirikia Dar es Salaam nilikolala, na ndani ya basi la kusini pia. Tulipovuka Rufiji nilikuwa bado namjibu kichwani. Angesema mapema. Angesema siku ile ile. Kwa nini unilishe, unitembeze, unichekeshe, unipeleke nikaangalie mto, hali unajua?

Somanga watu walishuka kununua samaki wa kukaanga. Mimi sikushuka. Nangurukuru basi lilipoacha barabara kuu ya Lindi na kuingia ile ya Masoko, nikaanza kupanga maneno. Nitamwambia hapo hapo, nikajiapiza. Nikishuka tu. Sitamzungusha mama yangu kama nilivyozungushwa.

Kilwa Masoko, stendi. Mama alikuwa amesimama mwenyewe, amevaa kanga mpya, jua la saa tisa likimpiga usoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika marahaba, akanikumbatia, kisha akatazama begi langu dogo. Hakuuliza kwa mdomo. Alilitazama tu, akanitazama.

"Twende nyumbani kwanza, mama," nikasema.

Maneno yale yalitoka yenyewe. Nilipoyasikia nikajua nimeshasema yote. Mama ni mtu wa pwani kuliko mimi. Uso wake ukatulia, akalishika begi upande mmoja, mimi upande wa pili, tukaenda. Njia nzima akawa anawaitikia watu salamu.

Nyumbani alikuwa amenipikia. Mkeka umetandikwa, wali wa nazi uko sufuriani, samaki kwenye bakuli, kawa juu yake. Nilibaki nimesimama na viatu.

"Mama, huko kaburini..."

"Usiseme," akanikatiza. "Umetoka mbali. Keti ule."

Akaninawisha mikono, jambo ambalo hajanifanyia tangu nikiwa mdogo. Akapakua. Akakaa mbele yangu, miguu ameikunja, macho kwenye sahani yangu. Hasira niliyokuja nayo kutoka Lisbon ikaniishia pale pale, nikamwona Bakari na miavuli yake miwili, asubuhi yote ile, akinitafutia njia ndefu. Nilijua, na mama alijua, kwamba tonge la mwisho likishuka nitanawa, na nikishanawa nitasema. Mpaka hapo Salumu alikuwa bado amelala kilimani, chini ya nyasi zilizokatwa vizuri.

Sikuwa na njaa hata kidogo. Nilitafuna polepole, nikatoa miba ya samaki mmoja mmoja, mpaka chini ya sahani pakaanza kuonekana.

"Niongeze wali, mama," nikasema.

Mama akaivuta sufuria haraka, akanijazia sahani mpaka ukingoni.